Profesa wa Vitu Laini

Mtaani kwetu Chang'ombe watu walidhani Profesa anauza utumbo. Kila Jumamosi asubuhi alipanda baiskeli mpaka machinjioni Vingunguti, akarudi na ndoo ya plastiki iliyofunikwa gunia. Miaka ile kila mwenye mshahara wa serikali alikuwa na mradi wa pembeni: huyu anafuga kuku, yule anauza barafu, mwingine ana kibanda cha vitumbua. Kwa hiyo kina mama tulipanga foleni mlangoni kwake na mabakuli. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alitoka, akatutazama, akacheka mpaka akakaa chini. Ndani ya ndoo mlikuwa na vipande vya ngozi ya mbuzi, kibofu cha ng'ombe na maini mawili, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha kuliwa. Vilikuwa vya kupimwa.

Tukauliza anapima nini. Profesa akasimama barazani akatupa mhadhara mzima, sie na mabakuli yetu. Alisema wahandisi wenzake kule chuoni wanapenda chuma na saruji, vitu vigumu ambavyo tabia zake zimeshajulikana. Yeye kazi yake ni vitu laini, na hasa pale mwili unapokutana na kitu kilichotengenezwa na mtu: meno ya bandia kwenye ufizi, mpira kwenye njia ya mkojo, mguu wa mti kwenye nyama. Hapo katikati, alisema, ndipo penye ugomvi wote. Jirani mmoja akamwuliza kama maini atayahitaji akishamaliza kuyapima. Akajibu kwamba akishamaliza yatakuwa hayafai, akaendelea na mhadhara, wala hakuona kwa nini tunacheka.

Mie nilikuwa kwenye foleni ile na magongo yangu mawili. Alipomaliza akanitazama, au niseme ukweli, aliutazama mguu. Mwaka mmoja nyuma gari la mchanga lilikuwa limenigonga, na hospitali wakanikata shubiri moja chini ya goti la kulia. Mume wangu aliondoka karibu wakati huohuo na mguu, na kati ya hao wawili nilioulilia ni mguu. Nilipewa mguu wa bandia wenye kikombe kigumu cha kuingizia kigutu, kile kipande kilichobaki, ukanichuna, pakawa kidonda, na kidonda kikakataa kupona. Daktari alikuwa ameshaanza kusema maneno ya kukata tena, safari hii juu ya goti.

Watu wenye magoti mawili hawajui thamani ya goti. Ukiwa nalo, hata kama chini yake hakuna kitu, utakaa mkekani na wenzio, utaendesha charahani, utaswali na paji la uso wako litafika chini. Ukilikosa, kiti ndiyo nyumba yako mpaka siku ya kuzikwa. Yote nitakayosema kuhusu Profesa nilikuwa nayaona nikiwa na hofu hiyo, kwa hiyo msinilaumu kama nitamsifu kupita kiasi, au nitamsema.

Tuanze na mikono yake. Haikutulia. Mfukoni mwa shati alikuwa na kipande cha mpira mbichi, utomvu uliogandishwa, na alipozungumza alikuwa akikibinya na kukivuta kama mtu anayekanda unga wa chapati. Alishika kila kitu. Akija kwangu akakuta ngano ya maandazi imeumuka, ataibonyeza kidole na kuangalia inarudi juu baada ya muda gani. Dafu alikuwa hanywi maji yake mpaka alivue ule utando laini wa ndani na kuuinua kwenye mwanga. Siku moja nilimwandalia ugali na mlenda, nikarudi jikoni kuchukua chumvi, nilipotoka nikamkuta amesimama na kijiko juu, mkono wa pili ameshika rula ya mwanangu Zuhura, anapima mlenda unavutika urefu gani kabla haujakatika. Nikamwambia Profesa, hicho ni chakula. Akasema, "Najua, Mama Zuhura. Lakini mtu gani amewahi kuuandika?"

Na mikono hiyohiyo ilikuwa na adabu. Alikuwa hagusi kigutu changu bila kusema naomba nione. Aliinawa kwanza kwa sabuni, kisha akaitia kwapani ipate joto, maana alisema ngozi ikishtuka haisemi ukweli. Mkewe alikuwepo kila mara, mlango wazi, nami nimejifunika khanga mpaka gotini. Yeye Mkristo wa kusini, mie Mzaramo wa hapahapa, lakini hakuna siku alinifanya nijione nimewekwa uchi. Madaktari vijana wa hospitali walikuwaga wananifunua kama wanafunua sufuria.

Alikuwa mtu wa kujiamini, tena kujiamini kunakoudhi. Wanafunzi walipomletea jibu walilolitoa kitabuni alikuwa akiwaambia, "Ngozi haijasoma kitabu chako." Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Hakusema kitu mpaka akipime mara saba, na akishapima mara saba hata angekuja waziri asingembadilisha. Niliwahi kumsikia akibishana na mwenzake wa chuoni barazani kwake, mtu mzima mwenye miwani na briefkesi, kuhusu gundi fulani. Yule mwenzake akasema kule Ulaya wanaitumia. Profesa akaingia ndani, akaja na kipande cha ngozi ya mbuzi kilichobandikwa kwenye mpira kwa gundi ileile, akakiweka kwenye jua la saa saba, wakakaa wote wawili wakikitazama. Kabla chai haijaisha gundi ikabanduka. Profesa alichukua birika. Alimwongezea mgeni chai.

Lakini nenda nyumbani kwa mhandisi huyo. Geti lilifungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Bati lilivuja juu ya kitanda, na mkewe alikuwa akihamisha kitanda kila masika kuliko kumwambia, maana akiambiwa atapanda juu, na akipanda juu atavunja kingine. Msahaulifu wa ajabu: alimpeleka mkewe harusini Temeke kwa baiskeli, akarudi peke yake. Alikuwa mgumu wa sifa pia. Mchonga vinyago wa kwao kusini, aliyekuwa na kibanda karibu na viwanda, ndiye aliyenichongea mguu mpya wa mti mwepesi, na fundi yule, kwa kuwa hawezi kuchonga kitu nusunusu, akauwekea vidole vitano na kucha zake. Mie nilifurahi, sikukuu ya Idi nikazipaka hina zile kucha. Profesa alipouona akasema tu kwamba kisigino kimezidi.

Mguu wa mti haukuwa shida. Shida ilikuwa pale katikati, kati ya mti na nyama. Profesa alikuwa akitengeneza utando wa kuvaa kwenye kigutu, kama soksi nene ya mpira laini, ili uzito ugawanyike usikae mahali pamoja. Alichanganya utomvu wa mpira na vitu alivyovichemsha kwenye sufuria ambazo mkewe alishazikatia tamaa. Akaupima utando juu ya ngozi za Vingunguti: akausugua, akaukandamiza kwa matofali, akauacha siku nzima. Ngozi za mbuzi zilitoka salama kabisa. Ngozi yangu ikatoka na usaha.

Akatengeneza wa pili. Wa tatu. Kila utando ulikuwa laini kuliko uliotangulia, na kila mara baada ya siku tano sita kidonda kinarudi palepale, pembeni mwa mfupa. Alikuwa akija jioni na daftari lake na swali moja: umeuvaa tangu asubuhi mpaka wakati wa kulala, hukuuvua? Nami najibu ndiyo, Profesa.

Hapa lazima nikiri. Nilikuwa namdanganya.

Nilikuwa nauvua mara tano kwa siku. Mie natawadha. Shehe wetu alishanieleza kwamba mguu uliokatwa juu ya kifundo hauna faradhi tena ya kuoshwa, lakini kuosha kilichobaki ni vizuri, na mie moyo wangu ulikuwa hautulii nikisimama kwenye mswala na sehemu ya mwili wangu imefungwa kwenye mpira na jasho lake. Basi navua, naosha, nafuta mara moja kwa khanga, navaa haraka niwahi swala. Kwa nini sikumwambia? Sie watu wa pwani tumelelewa hivyo. Mtu mkubwa, msomi, amekuja nyumbani kwako kwa hisani yake, akikuuliza swali ambalo anataka ndiyo, unampa ndiyo. Kumwambia hapana usoni ni kumvunjia heshima. Halafu niliogopa. Niliogopa atasema dini yangu inamharibia kazi, akusanye ndoo zake aende kwa mgonjwa mwingine.

Ndipo ikaja siku ya hospitali. Daktari alikifungua kidonda, akakinusa, akaniambia kwa upole kabisa kwamba usaha ukifika kwenye mfupa atanikosa mzima mzima, bora anikate juu ya goti wiki hiyohiyo. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Profesa alikuwa amenisindikiza, amesimama karibu na dirisha na kipande chake cha mpira mkononi. Daktari akanitazama, akangoja jibu langu. Profesa akasema, "Goti hili halikatwi."

Daktari akamwuliza anajuaje. Profesa akasema anajua. Akasema apewe wiki sita, dawa za kidonda ziendelee, na kama baada ya wiki sita hakijafunga, yeye mwenyewe atanileta. Alisema kwa utulivu uleule aliomwongezea mgeni chai, hakuna wasiwasi hata chembe. Daktari akaguna, akampa wiki nne. Mie njia nzima ya kurudi nilikuwa najiambia, mtu huyu hasemi kitu mpaka akipime mara saba, na leo amesema. Nilipata usingizi usiku ule kwa mara ya kwanza tangu gari la mchanga.

Wiki ya kwanza ikapita, kidonda vilevile. Wiki ya pili Profesa akaja mchana, wakati ambao si wake, ameleta utando mwingine. Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa. Alipopita uani akanikuta nimekaa kwenye kigoda, mguu wa mti na vidole vyake vya hina umeegemezwa ukutani, utando umelala kwenye beseni, nami nateka maji kwa kopo nakimiminia kigutu.

Nilijua nimekwisha. Nikaanza kujitetea kwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Yeye akachuchumaa palepale mchangani, akauliza taratibu, "Mara ngapi kwa siku?" Nikasema tano. "Na kabla ya kuvaa unakausha?" Nikasema nafuta, lakini swala haingoji. Akauliza na alfajiri pia? Na alfajiri pia. Akaweka kiganja kwenye paji la uso, nami nikawa nalia kwa aibu, sifichi. Nikamwambia basi nitaacha kuosha, shehe ameshaniruhusu, nitaacha kuanzia leo.

"Usiache," akasema. "Mie ndiye mjinga. Nimepima ngozi ya mbuzi aliyekufa. Mbuzi aliyekufa hatoki jasho, wala haswali. Utando ndio utakaosilimu."

Hakunilaumu hata siku moja kwa ule uongo. Nililaumiwa na mkewe, tena vizuri, akiwa amenishikia sikio. Profesa alirudi kwenye sufuria zake akitafuta utando unaokubali maji na jasho yatoke, na hapo ndipo mie mwenyewe nilipoingia kazini, maana kabla ya kukatwa nilikuwaga kwenye mashine za kufuma katika kiwanda cha fulana. Nilimwambia, mpira hautakunywa maji hata uuombe, weka pamba katikati. Akasema pamba itajikunja na kukata ngozi. Nikamwambia inategemea imefumwaje. Wakati ule mitumba ndiyo ilikuwa imeruhusiwa kuingia nchini, marobota yanamwagwa sokoni Temeke kama taka, kiwanda chetu chenyewe kikafa kwa ajili yake. Nikaenda na Zuhura, nikachambua singlendi za kizungu, zile fulana za ndani, moja moja, natafuta ile ya pamba tupu iliyofumwa kwa mistari, inayovutika kwa upana na kurudi. Nikazikata, nikazishona duara bila mshono wa kukaa juu ya mfupa. Tano kwa siku: kila swala soksi kavu, zilizolowa zinaanikwa kwenye kamba. Profesa akaufanyia utando vijitundu juu ya pamba, akaupima, safari hii juu yangu, nikiwa nimeosha na sijaosha, nikiwa nimetoka juani na nimekaa kivulini. Mara saba.

Siku nne kabla ya wiki nne kwisha, kidonda kilifunga. Daktari alibonyeza kila upande, akaita wenzake waje kuona. Profesa akamwambia, mbele yao wote, fundi ni huyu mama, mie nilichemsha mpira tu. Nilitaka ardhi inimeze kwa raha.

Baada ya hapo tulishona soksi hizo kwa watu wengi, mie na wanawake wawili niliofanya nao kazi kiwandani, na yeye akaendelea na vitu vyake laini. Alistaafu, akauza nyumba, wakahamia Kimbiji yeye na mkewe kwenye shamba dogo la minazi. Nikapata habari kwamba anaumwa, moyo umechoka. Nikaamua kwenda. Gari liliniacha njia panda, nikatembea kwenye ile barabara mbovu ya mchanga na mawe karibu saa nzima, kwa mguu wangu, bila gongo.

Mkewe alinikumbatia, akaniingiza chumbani. Profesa alikuwa amekonda, ameegemezwa mito miwili, na mikono, jamani, imetulia juu ya shuka. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Tukazungumza habari za mtaa, nani amekufa, nani amejenga. Nikamwambia, kwa kumfurahisha, kwamba hakuna siku naisahau kama ile ya hospitali, jinsi alivyojua wakati daktari hajui.

Akanitazama usoni. Kisha akasema, "Sikuwa najua."

Nilidhani anafanya mzaha. Akasema hapana, sikiliza. Mwezi mzima kabla ya siku ile kila alichopima kilikuwa kimeshindwa. Daftari lote lilikuwa linasema goti limekwenda. Usiku wa kuamkia siku ile walikuwa wamezungumza yeye na mkewe namna ya kuniambia nikubali kukatwa. Nikageuka kumtazama mkewe, akainamisha kichwa.

Nilikasirika. Nasema kama nilivyohisi: damu ilinipanda. Nikamwambia Profesa, usaha ungefika kwenye mfupa ningekufa, na mwanangu mdogo vile, kwa neno ambalo hukulipima hata mara moja. Akasema, "Kweli. Nimekaa nalo miaka yote hii." Nikamwuliza, sasa kwa nini ulisema?

"Kwa sababu ulikuwa umeshafungua mdomo," akasema. "Ulikuwa unakubali. Mie nikawahi."

Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo, si mama yangu, si Zuhura. Siku ile kwa daktari nilikuwa nimechoka, nimechoka na harufu yangu mwenyewe, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: kateni. Nilidhani hakuna aliyeniona. Miaka yote nimewasimulia watu kwamba nililipigania goti langu.

Nje kukaadhiniwa alasiri. Nikamwomba mkewe maji na mkeka. Nikavua mguu palepale mbele yao, nikatawadha, nikakausha mpaka pakakauka, nikavaa soksi kavu, utando na mguu, nikatandika mkeka pembeni mwa kitanda. Hasira ilikuwa bado haijaisha. Nikaswali. Nilipokwenda kusujudu niliweka goti hilo kwanza, pamoja na uzito wangu wote, nikakaa hapo chini muda mrefu kuliko kawaida.

Nilipotoa salamu nikamkuta amejiinua kwenye mito ananitazama.

"Linauma?" akauliza.

"Haliumi, Profesa," nikamwambia. "Halijawahi kuuma."

Akarudi kwenye mito, akafumba macho, na machozi yakamtoka, nami nikasogea na mkeka wangu mpaka karibu na kitanda nikakaa chini, nimekunja magoti yote mawili.